Zimwi Tumelikubali, Msimulizi Je?

Mhadhara kuhusu msimulizi asiyeaminika katika riwaya za kifantasia



Mnaijua ada ya ngano zetu. Kabla fanani hajaanza kisa, hadhira inaukaribisha uongo kwa sauti kubwa: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Hapo mapatano yameshafungwa. Fanani akisema zimwi lilimmeza binti pamoja na ng'ombe wote wa kijiji, hakuna anayeuliza tumbo lile lilikuwa na upana gani. Zimwi tumelikubali.

Sasa tuseme fanani huyohuyo anaongeza: "Na mimi nilikuwepo. Wenzangu walitimua mbio, nikabaki peke yangu na mkuki wangu." Je, hilo nalo limo katika mapatano? Tuliporuhusu zimwi lipite, tuliruhusu na ushujaa wa msimulizi upite bila kukaguliwa?

Jibu langu nalitanguliza ili mnipime nalo tukiendelea. Riwaya ya kifantasia yenye msimulizi asiyeaminika aghalabu haidanganyi kuhusu maajabu. Uongo wake unamhusu mtu. Joka lipo kweli; shaka iko katika kujua kama msimulizi alilikabili au alijificha. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ngozi anayoivuta msimulizi wa fantasia ni lawama, ushujaa, mapenzi na dhamiri. Mabawa ya joka hana haja ya kuyavuta, maana hayo tumeshampa bure.

Tatizo la kipimo

Istilahi ya msimulizi asiyeaminika tumeipata kwa mhakiki wa Kimarekani, Wayne C. Booth, katika kitabu chake The Rhetoric of Fiction cha mwaka 1961. Kwa Booth, msimulizi haaminiki pale usemi na matendo yake yanapoachana na maadili ambayo kazi yenyewe, kwa ujumla wake, inayasimamia. Zingatieni kwamba hiyo haina maana ya mwongo peke yake. Mtu anaweza kuwa na moyo mweupe, ila hukumu yake imepotoka. Anaweza pia kuwa hajui jambo ambalo sisi wasomaji tumeshaling'amua.

Katika riwaya ya uhalisia, kipimo tunacho mkononi, nacho ni dunia yetu. Msimulizi akituambia alivuka kwa kivuko kutoka Magogoni hadi Kigamboni kwa siku mbili, tunajua ana lake jambo. Ama amelewa, ama anaficha alikokuwa. Katika fantasia kipimo hicho hakifanyi kazi. Akisema miezi ni miwili angani, ni miwili. Akisema ng'ambo ya mto watu huzaliwa wazee na kufa wachanga, hatuna ramani wala kalenda ya kumbishia.

Wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo msimulizi asiyeaminika hawezekani katika fantasia: kama yote ni ya kubuni, uongo uko wapi? Nadhani wanaanzia mahali pasipo penyewe. Kipimo kinahama tu. Badala ya kupima ukurasa kwa dunia, tunapima ukurasa kwa ukurasa. Tunalinganisha anachokieleza msimulizi na anavyokihukumu, anavyojisifu na anavyotendewa na wenzake. Naomba niwaonyeshe kazi hiyo ikifanyika katika vitabu vichache.

Nahodha mkweli

Wasomaji wa Kiswahili walikutana na Lemuel Gulliver mapema. Tafsiri ya Frederick Johnson, Safari za Gulliver, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wengi wetu tunamkumbuka akiwa amefungwa kamba ufukweni Lilliput, vijitu vidogo vikimpanda kifuani. Kitabu chenyewe, cha Jonathan Swift, kilichapishwa London mwaka 1726 bila jina la mwandishi halisi. Utangulizi wake umeandikwa na ndugu wa kubuni wa Gulliver, Richard Sympson, ambaye anatuhakikishia kwamba nahodha huyu alisifika kwa ukweli hata majirani zake wakamfanya methali: mtu akitaka kuaminiwa, husema jambo lake ni la kweli kama kwamba limetoka kinywani mwa Bwana Gulliver.

Tena kwa upande wa maajabu, Gulliver ni mwaminifu hadi anachosha. Vipimo vyake vinalingana. Lilliput kila kitu ni sehemu moja ya kumi na mbili ya ukubwa wa kwetu. Brobdingnag ni mara kumi na mbili. Posho yake ya chakula inakadiriwa na wanahisabati wa mfalme kuwa sawa na ya watu zaidi ya 1,700, nasi tukipiga hesabu tunaona wamekadiria vizuri. Mtu wa namna hii utamshika wapi?

Utamshika katika safari ya nne. Gulliver anafika nchi inayotawaliwa na farasi wenye akili na adabu, ambako viumbe wachafu waitwao Yahoo wanafugwa na kudharauliwa. Polepole anatambua kwamba Yahoo wana umbo la binadamu. Farasi aliyempa hifadhi naye anamweka katika kundi hilo. Hatimaye anaamriwa aondoke, naye anaunda mtumbwi. Anatueleza ujenzi wake kwa utulivu wa fundi: mtumbwi ameufunika kwa ngozi za Yahoo zilizoshonwa pamoja, nyufa ameziziba kwa mafuta yao, na tanga amelitengeneza kwa ngozi za Yahoo wachanga, kwa kuwa ngozi za wakubwa zilikuwa nzito na ngumu mno. Kisha anaendelea na safari yake.

Isomeni tena sehemu hiyo polepole. Mtu huyu ameshatuambia Yahoo ni watu. Sasa anatuambia ametweka tanga la ngozi za watoto, na kinachomshughulisha ni ulaini wake tu. Hajadanganya neno hata moja. Kilichoharibika ni mizani yake ya ubinadamu, na Swift hakumtuma mhusika yeyote aje kutuambia hivyo. Ametuachia sisi.

Baadaye anaokolewa na nahodha Mreno, Pedro de Mendez. Mreno huyu anamhifadhi melini, anampa nguo zake mwenyewe, anamfikisha Lisbon, anamkaribisha nyumbani na kumshauri arudi kwa mkewe na wanawe. Katika kitabu kizima ni vigumu kumpata mtu mwema kumpita. Gulliver anayaandika yote hayo kwa uaminifu, huku akishindwa kuvumilia harufu ya mfadhili wake. Anafika kwake Uingereza, mkewe anamkumbatia, anazirai kwa kinyaa. Ananunua farasi wawili na kuzungumza nao kwa saa nne kila siku.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kumnasa msimulizi wa fantasia: ushahidi wa wema anauleta mwenyewe, hukumu yake inaukana. Farasi wasemao tumewakubali. Dharau yake kwa Pedro de Mendez hatuwezi kuikubali.

Pete na uongo wa kwanza

Mfano wangu wa pili ni wa ajabu zaidi, kwa sababu uongo wake ulianza kama toleo la kitabu. J.R.R. Tolkien alichapisha The Hobbit mwaka 1937. Katika sura ya tano, Bilbo Baggins amepotea gizani chini ya milima, anaokota pete, kisha anakutana na kiumbe aitwaye Gollum. Wanashindana kwa vitendawili. Katika toleo lile la kwanza, Gollum anaahidi kwamba Bilbo akishinda atapewa zawadi, na zawadi yenyewe ni pete. Bilbo anashinda. Gollum anaitafuta pete asiione, kwani tayari imo mfukoni mwa Bilbo, anaomba radhi, na badala yake anamwonyesha mgeni njia ya kutokea. Wanaagana kwa amani.

Kisha Tolkien akaanza kuandika mwendelezo, uliokuja kuwa The Lord of the Rings, na pete ile ikabadilika mikononi mwake. Sasa ilikuwa chombo cha uovu kinachomtawala anayeimiliki. Kiumbe aliyeishikilia kwa karne nyingi hawezi kuitoa zawadi kwa mpita njia. Mwaka 1947 Tolkien aliwapelekea wachapishaji wake sura mpya kama mfano wa jinsi mambo yangeweza kurekebishwa, nao wakaipiga chapa katika toleo la pili la mwaka 1951. Katika sura hii mpya hakuna zawadi. Bilbo akishinda ataonyeshwa njia, akishindwa ataliwa. Gollum anagundua pete haipo, anamshuku Bilbo, na kumkimbiza akipiga mayowe ya wizi.

Mwandishi mwingine angenyamaza, akangoja nakala za zamani zichakae. Tolkien alifanya jambo la kijanja zaidi. Alitangaza kwamba matoleo yote mawili ni sahihi, kwa maana hii: lile la kwanza ndilo alilolisimulia Bilbo mwenyewe, na Bilbo alidanganya. Wenye nakala za 1937 wakajikuta wameshika uongo wa mhusika uliopigwa chapa.

Kwa nini alidanganya? Hapa ndipo ufundi unapotimia. Katika The Fellowship of the Ring, iliyotoka mwaka 1954, mchawi Gandalf anaeleza kwamba kisa cha zawadi kilimtia wasiwasi tangu mwanzo, kwani Bilbo ni mtu mkweli, na mkweli hahitaji kujitetea pale ambapo hajashtakiwa. Halafu Gandalf anakutana na Gollum, naye Gollum anadai pete aliipata kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa, ilhali alimuua jamaa yake Déagol ili aitwae. Mmoja muuaji, mmoja mpole mpenda chai. Wote wawili wameshika pete moja, na wote wawili wamebuni uongo wa aina moja: nilipewa, sikunyang'anya. Uongo wa Bilbo ndio dalili ya kwanza ya maradhi ya pete.

Tafadhali angalieni uongo umekaa wapi. Pete inayomfanya mtu asionekane ni ya kweli katika visa vyote viwili. Giza, ziwa la chini ya mlima, vitendawili, vyote vimebaki. Kilichobadilika ni hati ya umiliki: ni yangu kwa haki, au nimeichukua tu? Mtu anayedhani kwamba fantasia ni kukimbia maisha ya kawaida na ajiulize kama hajawahi kuona familia ikisambaratika kwa swali hilohilo la nani alipewa shamba na nani alilitwaa.

Asiyesahau na asiyekumbuka

Watu wengi hudhani dawa ya msimulizi asiyeaminika ni kumbukumbu nzuri. Gene Wolfe, Mmarekani, alichapisha juzuu nne kati ya 1980 na 1983, The Book of the New Sun, akaipindua dhana hiyo. Msimulizi wake, Severian, alilelewa katika chama cha watesaji na kufukuzwa kwa kosa la huruma: alimpa kisu mfungwa aliyempenda ili ajiue kabla mateso hayajamaliza kazi yake. Severian anatuambia kwamba hasahau kitu kamwe. Msomaji mvivu hulipokea hilo kama dhamana. Lakini kukumbuka yote na kusema yote ni mambo mawili. Tangu mapema Severian anatujulisha kwamba anaandika akiwa amekwishaketi katika kiti cha enzi. Kwa hiyo tunachosoma ni historia ya mtawala iliyoandikwa na mtawala, na hakuna karani wa kumsahihisha.

Upande wa pili kabisa yuko msimulizi wa Piranesi, riwaya ya Susanna Clarke ya mwaka 2020 iliyopata Tuzo ya Wanawake ya Fasihi ya Uingereza mwaka uliofuata. Huyu anaishi peke yake katika Nyumba isiyo na mwisho, yenye kumbi juu ya kumbi, sanamu kila ukuta, bahari ikipwa na kujaa katika ghorofa za chini. Anavua samaki, anatunza mifupa ya waliokufa kwa heshima, na mara mbili kwa wiki anakutana na mtu aliyevaa suti nadhifu, ambaye anamwita Mwingine. Anaamini kwamba tangu dunia iumbwe wamekuwepo watu kumi na tano tu. Hadanganyi. Ni mnyofu kuliko wasimulizi wote niliowataja leo.

Tunajuaje basi kwamba tusimfuate kichwakichwa? Kwa vitu. Mwingine ana kifaa kinachong'aa ambacho hukitazama mara kwa mara, nasi tunajua ni simu. Anamletea msimulizi viatu na vidonge vya vitamini. Anapata wapi katika dunia yenye sanamu na samaki tu? Kisha zipo shajara. Msimulizi ana daftari nyingi alizozipanga vizuri na kuziwekea faharasa. Siku moja anazichungulia zile za mwanzo, anakuta zimeandikwa tarehe za mwaka 2011 na 2012, hesabu isiyo na maana yoyote kwake, kwani yeye huipa miaka majina, kama ule mwaka ambao ndege albatrosi alifika katika kumbi za kusini-magharibi. Mwandiko ni wake. Mambo yaliyoandikwa hayajui. Kurasa nyingine zimechanwa, na vipande vyake anavikuta katika viota vya ndege wa bahari, akavikusanya kimoja kimoja.

Clarke amefanya hapa jambo gumu. Nyumba ni ya kweli, nayo ni nzuri kama anavyosema. Alichopoteza msimulizi ni jina lake na habari za mtu aliyemtenda ubaya. Kwa mara nyingine ajabu haina shaka, shaka iko kwa mtu. Tofauti na Bilbo ni kwamba huyu hakuivuta ngozi ya ngoma. Imevutwa na mwingine.

Kesi yenye mashahidi wawili

Mwaka 2019 Marlon James, Mjamaika aliyekwishapata Tuzo ya Man Booker mwaka 2015, alitoa Black Leopard, Red Wolf, fantasia iliyojengwa kwa malighafi ya visasili na tendi za Afrika. Msimulizi, Tracker, ni mfungwa anayehojiwa. Sifa yake ni pua: akinusa harufu ya mtu, hampotezi hata akiwa mbali kiasi gani. Aliajiriwa pamoja na kundi la wenzake kumtafuta mtoto aliyepotea, na tangu mwanzo anasema mtoto huyo amekufa. Anayemwambia ni mhoji mwenye uwezo juu ya maisha yake, na hilo pekee lingetosha kutufanya tukae macho. Katika masimulizi yake, mwanamke mchawi Sogolon ni mkaidi, mwenye hila, na wa kuogopwa.

Mwaka 2022 James akatoa Moon Witch, Spider King, na msimulizi ni Sogolon. Wengi walitarajia kisa kilekile kigeuzwe upande. Badala yake tulipata maisha ya mwanamke aliyeishi zaidi ya karne nzima, kuanzia utoto wa mateso, na ile safari ya kumtafuta mtoto ikaja kuchukua nafasi ndogo tu karibu na mwisho. Mwanamume aliyejaza kitabu kizima cha kwanza kwa sauti yake, hapa ni mtu wa kupita. James hakumkanusha Tracker kwa hoja, alimpunguza ukubwa. Na hakutuletea hakimu wa kutwambia nani kasema kweli.

Naomba hapa niweke tahadhari, maana wanafunzi wetu wakishapata istilahi huibandika kila mahali. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, nafsi ya kwanza inazunguka katika magofu na mabonde, wakati haushikiki, wazee wanasema kwa mafumbo. Msimulizi amechanganyikiwa kweli. Lakini ulimwengu wenyewe ndio uliovurugika, naye anauripoti kama ulivyo. Kumwita asiyeaminika ni kumwonea. Kabla ya kumshtaki msimulizi, tuhakikishe kwamba ndani ya kitabu kuna mahali ambapo mambo yangeweza kusemwa vingine.

Kazi ya msomaji na ya mwandishi

Kutokana na mifano hii nachota maswali matatu ya kumuuliza kila msimulizi wa fantasia. Kwanza, anaandika au anasema akiwa wapi, na mbele ya nani? Severian yuko enzini, Tracker yuko kifungoni, na hakuna kati yao aliye huru kusema kila kitu. Pili, ni kitu gani anakitetea kabla hajaulizwa? Bilbo alijitetea kuhusu pete na Gandalf akanusa. Tatu, nani katika kisa anatenda kinyume na jinsi anavyoelezwa? Pedro de Mendez anaitwa Yahoo, lakini mikono yake imejaa nguo na chakula.

Kwa ninyi mnaoandika, funzo ni la moja kwa moja. Ukitaka msimulizi wako atiliwe shaka, yafanye maajabu yako yawe imara. Ukiyumbisha joka na shujaa kwa pamoja, msomaji atadhani umeshindwa kuandika. Joka lisimame, lipumue moto, liwe na uzito na harufu. Kisha mwache shujaa aeleze kwa nini alichelewa kufika.

Na kwa walimu, nina pendekezo kuhusu maswali ya mitihani. Tumezoea kuuliza kama msimulizi anaaminika au haaminiki, na mwanafunzi anajibu ndiyo au hapana kisha anatafuta sababu. Tumwulize hivi badala yake: ni mhusika gani angekisimulia kisa hiki kwa namna nyingine, na ni mambo gani mwandishi ameyaacha ndani ya kitabu yanayotuwezesha kuyasikia masimulizi yake? Swali hili linamlazimisha mwanafunzi arudi kwenye kurasa. Atamtafuta mke wa Gulliver, aliyezaa naye watoto na sasa haruhusiwi kugusa mkate wa mumewe. Atamtafuta Gollum, ambaye katika toleo la 1937 alipangiwa adabu asizokuwa nazo ili mtu mwingine aonekane hana hatia. Mwanafunzi anayeweza kuandika masimulizi ya hao, kwa ushahidi wa kitabu chenyewe, atakuwa ameelewa fantasia kuliko yule aliyekariri fasili ya Booth, na alama za juu apewe yeye.